Kofia Nyuma ya Mlango

Siku ya kugawa nguo za marehemu mume wangu, upepo wa Voi ulikuwa mkali na vumbi jekundu liliingia hadi kwenye vikombe vya wageni. Tulikuwa tumemzika kwenye kiploti chetu juma lililotangulia, kwa sababu kule bara tulikotoka hatuna shamba la kumlaza mtu. Waliokuja walikuwa wachache. Alikuwapo shemeji yangu, mdogo wake marehemu, aliyekuwa amesafiri kuja kuzika na bado hajarudi. Alikuwapo jirani yangu, mama wa Kitaita ambaye ua wake na wangu umetenganishwa na michongoma tu. Na alikuwapo mwalimu mstaafu wa kanisani kwetu, tuliyemwomba aje asimamie ili asitokee mtu wa kusema amepunjwa.

Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, alikuwa Uingereza. Hakuja kumzika baba yake. Anamhudumia bibi mmoja mzee, analala katika nyumba ya huyo bibi, na kampuni iliyomwajiri ilimwambia kwamba akiondoka wakati ule nafasi yake itachukuliwa na mwingine. Nafasi hiyo ndiyo inayoshikilia karatasi zake za kukaa kule. Nafasi ikienda, karatasi zinaenda. Kwa hiyo siku ya mazishi alikuwa kwenye simu, na siku ya nguo pia alikuwa kwenye simu, tumeiegemeza kwenye mkebe wa sukari ili aone.

Koti alilichukua shemeji. Viatu vilimtosha mwalimu. Jirani alipewa blanketi, kwa sababu yeye ndiye aliyemgeuza mgonjwa pamoja nami miezi ile ya mwisho. Kisha shemeji akafunga mlango wa chumba cha kulala ili aone kama kuna kitu kimebaki nyuma yake, akauona mfuko wa gunia unaoning'inia kwenye msumari. Akaushusha, akaumwaga kitandani.

Zilikuwa kofia na fulana za vyama. Za kijani, za njano, za bluu, nyeupe zenye mistari, na nyingine za vyama vilivyokufa zamani hata mwenyewe aliyevianzisha huenda amevisahau.

"Kaka yangu alikuwa anagombea nini?" shemeji akauliza, na watu wote wakacheka. Binti yangu naye alicheka kwenye simu. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu baba yake afe.

Mfuko ule mimi niliujua. Wakati wa kampeni, msafara ulipokaribia mtaa wetu, mume wangu alisikiliza kwanza wimbo unaopigwa kwenye vipaza sauti. Akishautambua, aliingia chumbani na kutoka na kofia yake, akasimama kwenye lango akipunga mkono. Mchana ukipita msafara mwingine, alibadilisha. Alikuwa fundi wa kushona viti vya sofa, na wateja wake walikuwa wa kila upande. Alikuwa na kanuni moja nyumbani mwake, nayo alimfundisha binti yetu tangu hajajua kusoma: anayekuuliza chama, mpe chake.

Haikuwa tamaa. Zamani, kule bara, tulikuwa tumekodi shamba kati ya watu wasio wa kabila letu, na tuliishi nao vizuri. Mwaka mmoja wa uchaguzi walikuja vijana saa za mchana, wakamuuliza mume wangu anaunga mkono nani. Yeye alikuwa kijana pia, na alijivunia kusema kweli. Akawaambia. Hawakutupiga. Walitupa muda wa kutoa vitanda na mtoto, kisha wakaichoma nyumba. Tulishuka hadi Voi na vile vitanda, na tangu siku hiyo mume wangu hakumwambia mtu tena.

"Mama," binti yangu akasema kwenye simu, bado anacheka, "hata mimi nimetumia ile ya baba. Na imefanya kazi!"

Akageuza simu kutuonyesha dirisha la nyumba anamokaa. Kulikuwa na bango dogo limebandikwa kwenye kioo. Akatueleza. Waingereza walikuwa wanakaribia kupiga kura. Mtoto wa kiume wa yule bibi huja kumwona mama yake kila jioni, na jioni moja, wakinywa chai, alimuuliza binti yangu yeye angechagua chama gani. Binti yangu akatazama beji iliyokuwa kwenye koti la yule mwanamume, akamtajia chama hicho hicho. Yule mzungu alifurahi mno. Kesho yake akaleta bango, akamwambia alibandike kwenye dirisha lake yeye mwenyewe, kwa kuwa wapo pamoja.

"Mtoto wa baba yake!" shemeji akapiga makofi. "Hata Ulaya hatushikiki!"

Mwalimu peke yake hakucheka. Aliisogelea simu, akavaa miwani. "Hebu rudisha hapo dirishani, binti. Rangi hiyo ni ya chama gani?"

Akamwambia. Mwalimu akavua miwani, akazifuta, akavaa tena.

"Mwanangu," akasema, "hao ndio wanaosema wageni warudishwe kwao. Hawataki watu wa kazi kama yako waendelee kupewa karatasi."

"Najua, mwalimu," binti yangu akasema. Kicheko kilikuwa kimemtoka. "Ndiyo maana niliogopa kumwambia vingine."

Hapo nikamwona jirani yangu ameshika kofia moja ya kijani, anaigeuzageuza.

"Hii," akasema polepole, "ndiyo aliyokuwa akivaa akija kwangu."

Akaikung'uta vumbi.

"Nilikuwa nikiiona kofia hii, nasema angalau hapa mtaani nina watu tulio pamoja. Nilimweleza mambo ambayo sikumweleza hata ndugu yangu." Aliinuka, kofia bado iko mkononi. "Miaka yote hii mlikuwa mnatuogopa?"

Akatoka. Blanketi aliliacha kwenye kiti.

*

Kuanzia siku hiyo hofu ilikuja nyumbani kwangu ikakaa kama mgeni asiyeaga. Kufiwa nilikuwa nimekujua. Kufiwa ni kuzito lakini hakukurupuki. Hii nyingine ilinishtua nikiwa nasonga ugali, nikiwa nafagia, hata nikiwa nimepiga magoti kanisani. Niliona wazi mambo mawili, na yote yaliishia kwa mwanangu. Chama kile kikishinda, watamrudisha. Na kama yule mwana wa bibi atagundua kwamba amedanganywa, atapiga simu moja tu kwa kampuni, aseme mhudumu huyu simtaki, na nafasi itaondoka na karatasi nyuma yake.

Mwalimu alikuwa akipita kwetu alasiri akitoka kuchunga mbuzi zake, anatusomea kura za maoni za Uingereza kwenye simu. Sikuwa nimemwomba. Nadhani aliona hiyo ndiyo rambirambi yake. Kulikuwa na picha yenye mistari ya rangi, mmoja kwa kila chama, na mistari ilikuwa inapanda na kushuka.

"Hawa wekundu wako juu kabisa," alisema. "Wale wa bluu waliokaa serikalini wanaporomoka."

"Na kile cha dirishani?" nikauliza. Jina lake sikupenda kulitamka.

"Kinapanda."

"Kinapanda mpaka wapi?"

"Mama, mimi ninasoma tu. Leo kinapanda."

Shemeji alikuwa amelala kwenye mkeka akichokonoa meno. "Mimi nauliza, hao wanaohesabu wanajuaje? Wamemuuliza kila mzungu?"

"Wanauliza wachache, wanakadiria wengine. Ni kama kuonja mchuzi. Huwezi kuumaliza ndio ujue una chumvi."

"Na kama chumvi imekaa upande mmoja wa sufuria?"

"Ndiyo maana unakoroga kwanza, bwana."

"Hapa kwetu wakija kuuliza, nani humwambia ukweli mtu aliyebeba karatasi na kalamu? Akikuuliza unajiuliza kwanza, huyu ametumwa na nani."

"Wenzetu kule si waoga namna hiyo," mwalimu akasema. "Mtu akipigiwa simu anajibu."

Basi jioni ile nilipoongea na binti yangu nikamuuliza kama kuna waliompigia simu kumuuliza. Akasema ndiyo. Walipiga simu ya mezani, akaipokea yeye. Mwana wa bibi alikuwa ameketi pale pale, na msemaji alikuwa na sauti ya kusikika chumba kizima.

"Ukawajibu nini?"

"Mama. Ningewajibu nini, na yeye ananitazama?"

Kesho yake shemeji aliposikia alijiviringisha kwenye mkeka kwa kucheka. "Mwalimu! Futa miwani vizuri! Katika huo mstari wako unaopanda, mmoja ni wa hapa Voi!"

Hata mwalimu alicheka, ingawa alijizuia kwa ajili yangu. Mimi nilikwenda jikoni. Nilikuwa nimekesha nikiuogopa mstari ule, kumbe mwanangu mwenyewe ni mmoja wa wanaousukuma juu, naye anausukuma kwa woga. Nikajiuliza ni wangapi wengine kule wamejibu huku wanatazamwa. Halafu nikaogopa zaidi, maana labda hakuna mwingine. Labda wote waliobaki wanamaanisha.

Mwalimu na shemeji walibishana pia juu ya chama ambacho binti yangu anapaswa kukichagua siku yenyewe. Kwanza sikuamini kwamba anaruhusiwa. Mwalimu alinieleza kwamba mtu kutoka nchi nyingi walizozitawala, akiwa anaishi kule kihalali, anaweza kujiandikisha.

"Walitutawala bila kutuuliza," shemeji akasema, "leo wanamuuliza mtoto! Basi awapigie wa bluu. Si hao ndio waliompa visa? Usitukane wakunga na uzazi ungalipo."

"Wakunga gani? Si hao hao waliozuia wahudumu wapya kwenda na watoto wao?"

"Basi wekundu."

"Wekundu nao wamesema wageni watapunguzwa."

"Kumbe wote ni baba mmoja, mama mbalimbali."

"Wametofautiana," mwalimu akasema. "Mmoja anakwambia mlango ni mwembamba. Mwingine anakwambia toka."

Mimi nilimpa binti yangu mashauri niliyoyajua. Nilimwambia anunue unga wa kutosha. Ajaze maji. Asitoke na mtu asiyemjua, na akishapiga kura asirudi kwa njia aliyoendea. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima, kisha akasema, "Mama, hapa watu wanapiga kura wakitoka dukani. Wengine wanakuja na mbwa. Hakuna anayechoma nyumba ya mtu."

"Hata kule kwetu hakuna aliyedhani," nikamwambia.

Nikaona amefunga kitambaa kichwani, jioni ya pili mfululizo, mtoto ambaye alipenda nywele zake zionekane. Nikamuuliza kulikoni. Alikuwa na rafiki kule, Mnaijeria, mhudumu kama yeye, aliyekuwa akija kumsuka kila akipata nafasi. Rafiki huyo alipita barabarani akaliona bango dirishani, na binti yangu amesimama nyuma yake akifuta kioo. Binti yangu alipompigia simu kuhusu nywele, mwenzake alimjibu neno moja tu: "Waambie hao wa dirishani wakusuke."

"Nilimweleza, mama. Nikamwambia ni woga tu. Akasema hata yeye anaogopa na dirisha lake ni tupu." Akaanza kulia. "Baba angesema nini?"

Nilimtazama akilia ndani ya kile kioo kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu kifo nilimkasirikia mume wangu, ambaye alikuwa amelala hapo nje chini ya mawe na hawezi tena kuulizwa.

*

Jirani naye alikuwa hajaonekana. Kwao ni Bura, na ndugu zake wanapomletea mboga kutoka milimani alikuwa na desturi ya kupitisha fungu langu juu ya michongoma, akiita, "Mama, pokea mkono wa jirani!" Mboga zilikuja, nikaona wakizishusha. Mkono sikuuona.

Nilikaa na jambo hilo nikaona linafanana mno na lile la nywele. Hatimaye nikajifunga leso, nikachukua lile blanketi aliloliacha, nikapita kwenye uwazi wa ua ambao kuku wake na wangu wanatumia. Nilimkuta ameketi nje, sinia magotini, anachambua sukuma.

"Hodi."

"Karibu, kama ni wewe. Kama ni kofia, bado nina moja."

Nikaketi kwenye kigoda bila kuambiwa. Sikujua pa kuanzia, nikampa blanketi. Akaliweka kando.

"Mlidhani tungewafanya nini?" akauliza.

"Kutuchoma."

"Mimi?" Aliacha kuchambua. "Mimi niliyemwogesha mumeo?"

"Si wewe. Lakini wale wa kule walikuwa majirani pia. Mmoja wao ni mwana wa mama aliyenizalisha. Mama huyo alimpokea binti yangu kwa mikono yake, na mwanawe ndiye aliyeshika mafuta ya taa."

Hayo nilikuwa sijawahi kumwambia mtu wa Voi. Watu wa hapa walijua tu kwamba tulikuja kutafuta kazi. Jirani akaokota jani moja kwenye sinia, akalichambua. Kuku walipita. Upande wa pili treni ya mizigo ikalia.

"Basi niambie sasa," akasema. "Wewe mwenyewe. Miaka hiyo yote ulikuwa unampigia kura nani?"

Hakukuwa na kampeni wala msafara, tulikuwa wajane wawili na sinia la mboga, na bado nilitazama barabarani kuona kama kuna anayesikiliza. Kisha nikamtajia jina.

Aliinua macho. "Yule?"

"Yule."

"Mama wee! Yule hata mimi ningemficha!"

Akacheka hadi sukuma zikamwagika. Nami nikacheka, halafu nikaona ninalia, na yeye akaniacha nilie bila kunigusa, akiokota majani chini moja moja. Baadaye akanipa kisu. "Kata. Hukuja kukaa tu." Tulikata mboga hadi jua lilipokwenda nyuma ya vilima, na hakuniambia amenisamehe. Aliniambia tu kwamba kofia ile atairudisha akishaifua, kwa sababu ina jasho la mtu.

Jioni nilimsimulia binti yangu mambo hayo yote kama yalivyokuwa. Sikumwambia aende akaseme ukweli kwa yule mzungu. Niliogopa kumwambia aseme, na niliogopa kumwambia asiseme. Nilimsimulia tu, hadi kwenye kile kicheko. Alisikiliza, kisha akauliza jambo moja.

"Na kama asingecheka, mama?"

"Basi ningerudi nyumbani bila jirani."

"Mimi nitarudi nyumbani bila kazi."

"Najua, mwanangu."

*

Siku ya kura yao iliangukia katika majira yetu ya baridi, asubuhi ya ukungu juu ya kilima cha Sagalla. Binti yangu alinitumia ujumbe mapema: yule mwana wa bibi angekuja na gari kuwachukua yeye na bibi kwenda kupiga kura, na yeye atamwambia ukweli kabla hawajatoka. "Niombee," akaandika. Baada ya hapo simu yake haikupatikana.

Nilipiga tena na tena. Mchana ulipofika nilijikuta nimejaza maji kwenye kila jerikeni niliyo nayo na kwenye pipa la mvua, na nimeagiza unga dukani. Sikukumbuka nilivyoanza. Jirani alipita kwenye uwazi wa ua akanikuta nimeinamia bomba.

"Kura iko Uingereza na wewe unajaza maji Voi?"

"Sijui nifanye nini kingine."

"Haya. Shika huku, mimi nishike huku." Akanisaidia kusogeza pipa hadi ukutani. Kisha hakuondoka. Shemeji alikuwa amesharudi bara, kwa hiyo tulikaa sisi wawili, simu katikati yetu kwenye mkebe wa sukari, kama vile ilivyokaa siku ya nguo. Hatukuwasha redio.

Simu ililia giza lilipokuwa limeingia kwetu. Kule kwake kulikuwa bado na jua kali, nikaliona kwenye uso wake.

"Nionyeshe kidole," nikamwambia kabla ya salamu.

"Nini?"

"Kidole! Nione wino."

"Mama, hapa hawapaki wino. Wanakupa penseli."

"Penseli?" jirani akasema. "Si itafutwa?"

"Mwache aseme," nikamwambia.

Akatueleza. Simu ilizimika kwa kukosa chaji, hakukuwa na zaidi ya hilo. Asubuhi ile mwana wa bibi aliingia na funguo za gari mkononi. Binti yangu alikuwa kwenye korido, amesimama nyuma ya kiti cha magurudumu cha bibi, na alisema alikuwa ameshika vishikio vya kile kiti mpaka vidole vikafa ganzi. Akamwambia: kabla hatujatoka, nataka ujue sitachagua chama chako. Nilikubali bango kwa sababu nilikuogopa.

Yule mzungu alimuuliza, "Nimewahi kukufanya nini?"

Jirani yangu akanitazama. Nami sikumtazama.

"Nikamwambia hajanifanya kitu. Ila chama chake kinasema niondoke. Akasema, si wewe, ni wengine. Nikamwambia, hao wengine ndio mimi."

"Akasemaje?"

"Aliweka funguo mezani akaenda kukaa bustanini. Lakini bibi akaniambia, haya nisukume, mimi nimechelewa. Nikamsukuma, tukaenda bila gari, hadi kanisani wanapopigia kura. Tuliporudi gari halikuwapo, na bango halikuwapo dirishani."

"Nani kalitoa?"

"Sijui. Bibi hasemi."

Nilimuuliza amempigia kura nani. Akanitajia chama chenyewe waziwazi, jirani akisikia, mlango wa nyumba yangu ukiwa wazi kwa barabara. Nilitaka kumnyamazisha. Mkono wangu ulikwisha inuka kuelekea kwenye simu. Nikaurudisha.

*

Kesho yake mwalimu alikuja mbio kabla hata ya mbuzi. Wekundu walikuwa wameshinda. Kile cha dirishani kilikuwa kimepata viti vichache sana, akasema, ingawa kura zake kwa jumla zilikuwa nyingi. Alidhani ananiletea nafuu. Mimi katika maneno yake yote nilisikia lile la mwisho tu. Kura nyingi. Watu wengi waliokuwa peke yao na penseli, hakuna anayewatazama, waliandika kwamba mtoto wangu atoke.

Lakini hofu yangu kubwa ilikuwa ndogo kuliko nchi. Ilikuwa mtu mmoja na simu moja. Yule mwana wa bibi alirudi jioni ya pili, na nyingine, kama kawaida yake. Aliongea na mama yake. Binti yangu akiingia na trei, alinyamaza. Akitoka, aliendelea. Hakupiga simu kwa kampuni, au kama amepiga, kampuni bado haijasema. Hakusema kwamba hatapiga.

Rafiki yake wa kumsuka alikuja, kwa sababu dirisha lilikuwa tupu. Alimsuka nusu ya kichwa siku hiyo, akamwambia nusu nyingine atammalizia akishaamini. Hata hivyo alirudi akamaliza.

Jirani yangu aliileta ile kofia ya kijani, imefuliwa na imekunjwa. Niliirudisha kwenye mfuko pamoja na wenzake, na mfuko nikauning'iniza tena kwenye msumari. Sikuweza kuzitupa. Uchaguzi wetu hauko mbali, na tayari gari moja lenye vipaza sauti limepita likijaribu nyimbo. Nilisimama nyuma ya mlango lilipopita. Sikuvaa kitu kichwani, lakini sikutoka hadi langoni pia.

Kila jioni nilimuuliza binti yangu swali lile lile. "Ameongea?"

"Bado, mama."

"Na kampuni?"

"Bado."

Nikalala na hilo neno, nikaamka nalo. Hadi jioni moja alinipigia yeye, mapema kuliko kawaida, sauti yake iko chini kama ya mtu aliyejificha jikoni.

"Mama, ameongea."

Niliketi chini pale pale nilipokuwa nimesimama. "Amesemaje?"

"Nilikuwa hapa jikoni. Akasimama mlangoni. Akaniuliza kama maji ya chai yamechemka."

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

"Wewe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia bado."

Nilisikia birika nyuma yake, linavuma taratibu.

"Na kweli yalikuwa hayajachemka?"

"Yalikuwa hayajachemka, mama. Hata sasa bado. Amekaa hapo mezani anayangojea."